Sadya juu ya jani la mgomba: mgahawa mmoja wa Kochi, mara mbili

Mgahawa huu wa Kochi, katika jimbo la Kerala kusini mwa India, hupika mlo mmoja tu mchana, nao ni sadya, karamu isiyo na nyama wala samaki ambayo huandaliwa juu ya jani la mgomba. Nimekula hapo siku ya kazi ya kawaida, kisha nikarudi katika wiki ya Onam, sikukuu ambayo watu wa Kerala husimulia kwamba mfalme Mahabali huja kuwatazama raia wake. Laiti ningeandika baada ya safari ya kwanza, ningeusifu bila kusita.

Siku hiyo ya kwanza nilikuta jani limetandikwa, ncha yake nyembamba ikiwa kushoto kwa mlaji, na juu yake vile vitu ambavyo desturi inaruhusu vitangulie: chumvi, achari ya embe, vipande vya ndizi vilivyokaangwa, na mchuzi mzito wa tangawizi, ukwaju na sukari guru. Zikafuata mboga. Avial yao, mboga mchanganyiko zilizopikwa kwa nazi na mtindi kisha zikamiminiwa mafuta mabichi ya nazi, haikuvurugika hata kidogo; olan, ya boga jeupe na kunde katika tui, ilikuwa pole na safi. Wali haukupakuliwa mpaka nilipokaa. Ulikuja kwanza na dengu na samli, ukaongezwa kwa sambar, mchuzi wa dengu na mboga, ukaongezwa tena kwa rasam, mchuzi mwepesi wa ukwaju na viungo, ndipo ikaja payasam, kitindamlo kitamu cha majimaji, na mwisho mtindi mwembamba wa kutuliza tumbo.

Mpangilio huo si mapambo. Mlaji wa sadya haagizi chochote. Wahudumu hupita na ndoo zao safu kwa safu, na asiyetaka nyongeza hufunika jani kwa kiganja. Kazi yote ya kukumbuka nani amepungukiwa na nini ni ya mwenyeji, na hapo ndipo nilipoelewa ule usemi wa Kisanskriti unaotoka katika Taittiriya Upanishad, atithi devo bhava, unaomtaka mwenyeji amhesabu mgeni kuwa mungu. Hata nilipomaliza nikalikunja jani kwa kulipeleka mbele, mhudumu mmoja mzee alilikunjua haraka akalikunja upya kuja upande wangu, akinieleza kwa upole kwamba kulikunja kwenda mbele ni kwa karamu ya msiba, na anayeshiba kwa furaha hulivutia kwake.

Katika wiki ya Onam mambo yalikuwa mengine. Foleni ilifika barabarani, jambo ambalo naweza kulisamehe, na vyakula vilizidi 20, kwa hiyo hata bei iliyopanda sikuinung’unikia. Lakini majani yalikuwa yamekwisha kupakuliwa kila kitu kabla hatujaingia: wali umepoa, papadam, zile chapati nyembamba kavu za dengu, zimelegea, payasam katika kikombe cha karatasi kilichoegemea mboga. Ndoo ilipita mara moja tu, na hesabu ikawekwa mbele yangu nikiwa bado kwenye rasam. Mapishi yalikuwa yaleyale, na avial ilikuwa nzuri kama mwanzo, ila nililishwa tu, sikukaribishwa.

Sisemi haya kwa sababu naona kila desturi ya zamani inafaa kulindwa. Safu za walaji wa Kerala zilikuwa na mipaka mikali ya tabaka, na mwaka 1917, huko Cherai, mwendo mfupi kaskazini ya Kochi, mwanamageuzi Sahodaran Ayyappan alipoandaa mlo wa kuwaketisha pamoja watu wa tabaka lake na Wapulaya, tabaka lililohesabiwa kuwa la chini zaidi, alitengwa na jamaa zake na kubandikwa jina la Pulayan Ayyappan kwa dharau. Katika mgahawa huu, safari zote mbili, kila aliyeingia alikaa penye nafasi, bega kwa bega na asiyemjua.

Anayetaka sadya hapa aende siku isiyo ya sikukuu, kabla ya saa saba mchana, akae safu iliyo karibu na mlango wa jiko ambako wali hufika wa moto. Payasam huwa mbili. Ile ya maziwa ina sukari kupita kiasi, basi kiganja kifunike jani ipitapo, nafasi ibakie ya ada pradhaman, ya sukari guru na tui la nazi, ambayo mimi niliiomba mara tatu.