Stika za Data za Mabehewa ya Mizigo ya Marekani: Seti Inayoijua Miaka ya 1970 Kuliko Mingine

Anayeunda modeli za mabehewa ya mizigo ya Marekani katika skeli ya HO, yaani 1:87, hukutana mapema na tatizo la tarehe. Rangi ya behewa na jina la kampuni vinaweza kudumu miongo mitatu bila kuguswa, lakini maandishi madogo ya uzito, breki na magurudumu yaliyo ubavuni yalifutwa na kuandikwa upya mara kwa mara, na ndiyo yanayomwambia mtazamaji makini kwamba treni anayoiona ni ya mwaka 1955 au ya 1979. Seti ninayoitathmini hapa inalenga maandishi hayo peke yake: karatasi nne za stika za kuloweka majini, kila moja ikiwa na kipindi chake, pamoja na kijitabu cha maelekezo.

Uamuzi wa kuipanga seti kwa vipindi badala ya kwa kampuni ni sahihi kabisa. Behewa la kampuni moja lilipokelewa kwenye reli za nyingine zote, kwa hiyo kanuni za alama zilitoka kwa chama cha kampuni za reli, AAR, na baadaye pia kwa mamlaka ya serikali kuu inayosimamia reli, FRA, zikawabana wote kwa pamoja. Behewa la Santa Fe na la Penn Central yalitofautiana rangi, ila fundi wa karakana yoyote alijua pa kutazama.

Karatasi ya kwanza inahusu miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili. Humo kuna safu tatu zinazofahamika, CAPY kwa uwezo wa kawaida, LD LMT kwa kikomo cha mzigo na LT WT kwa uzito wa behewa tupu, na kando yake neno NEW kwa behewa lililopimwa kiwandani, au alama ya kituo na tarehe kwa lile lililopimwa tena baadaye. Nimejumlisha tarakimu hizo, kwa kuwa kikomo cha mzigo na uzito wa behewa tupu kwa kawaida vinapaswa kutoa jumla ambayo ekseli zinaruhusiwa kubeba. Behewa la tani 50 lenye LT WT 45800 na LD LMT 123200 linatoa pauni 169000, kama inavyotakiwa kwa enzi hiyo. Kwenye karatasi ya pili, hata hivyo, jozi moja ya behewa la tani 100 inasomeka 61400 na 203600, jumla pauni 265000, wakati kikomo ni 263000. Jumla pungufu ingeeleweka, mradi nyota ndogo iwekwe mbele ya LD LMT kuonyesha kwamba umbo la behewa lenyewe ndilo linalozuia. Jumla iliyozidi haina utetezi. Ni kosa la uhariri, na mnunuzi aikate jozi hiyo aitupe.

Jambo linalonisikitisha zaidi katika karatasi hiyo ya kwanza ni uchache wa tarehe za kupaki upya beringi, yaani kuzijazia nyuzi mpya za kuzilainisha. Mabehewa mengi ya wakati huo yalitegemea beringi za kawaida zilizolainishwa kwa nyuzi zilizoloweshwa oili ndani ya kisanduku cha ekseli, na nyuzi zikikauka au kusogea, kisanduku kiliwaka moto na ekseli ingeweza kukatika njiani. Ndiyo maana tarehe na mahali pa kupaki, kwa ufupisho RPKD, viliandikwa ubavuni chini, na vikabadilishwa kila kazi iliporudiwa. Watengenezaji wametoa tarehe chache tu, zote safi na zilizonyooka, ilhali mafundi walipaka kwanza kiraka cha rangi mpya juu ya maandishi ya zamani, na kiraka hicho mara nyingi hakikufanana na rangi ya behewa. Stika za viraka vitupu zingegharimu nafasi kidogo sana.

Karatasi ya pili ndiyo inayostahili fedha. Inaanza na mabadiliko ya mwaka 1966, mabehewa mapya ya boksi yalipoanza kujengwa bila njia ya kutembelea juu ya paa, na onyo la kutopanda juu likaandikwa karibu na ngazi. Kisha zinafuata bamba za KarTrak, mfumo wa milia ya rangi ulioamriwa na AAR mwaka 1967 ili mashine zilizosimamishwa kando ya reli zisome mabehewa yanayopita. Bamba kamili lina vipande 13 vilivyopangwa wima na kusomwa kutoka chini kwenda juu: alama ya kuanzia, tarakimu 4 za aina na mmiliki, 6 za namba ya behewa, alama ya kumalizia na tarakimu ya uhakiki. Chini ya lenzi, stika hizi zinaonyesha vipande vyote 13, buluu na nyekundu zikiwa zimetengana vizuri bila kumwagikiana. Kuna hata bamba zilizochafuka, jambo la busara, kwani uchafu ndio uliouua mfumo huo mwishoni mwa miaka ya 1970. Bamba zenyewe hazikung'olewa kwa haraka; zilibaki ubavuni kwa miaka mingi bila kazi, na anayeunda treni ya miaka ya 1980 azibandike bila wasiwasi.

Visanduku vyeusi vyenye fremu nyeupe, vilivyoanza katika miaka hiyo ya 1970 ili kukusanya rekodi za ulainishaji na ukaguzi mahali pamoja, vimechapwa kwa ustadi ambao sijauona katika seti nyingine. Fremu haijakatika popote, na vipo vya kisanduku kimoja na vya visanduku viwili.

Kijitabu kinateleza kwenye duara la njano ndani ya mraba mweusi. Alama hiyo ilitokana na ukaguzi ulioagizwa na FRA mwaka 1978 kuhusu magurudumu ya aina ya U-1 ya kipenyo cha inchi 33 yaliyokuwa yakipasuka. Njano ilimaanisha behewa halina magurudumu hayo, nyeupe kwamba linayo na lazima yaondolewe. Kijitabu kinashauri duara la njano kwa mabehewa yote ya baada ya 1978, ushauri usiofaa, kwa maana behewa lililojengwa baada ya ukaguzi huo halikuwa na haja ya alama hiyo. Rangi yenyewe imeelekea mno kwenye chungwa.

Kuhusu karatasi ya tatu sina mengi. Ni ya pili iliyopunguzwa, bila CAPY kwenye mabehewa mapya. Ya nne ina tepe za kuakisi mwanga, njano na nyeupe, zilizotokana na kanuni ya FRA ya mwaka 2005, lakini wino wake ni bapa na hauakisi chochote. Vitambulisho vya redio vilivyochukua nafasi ya KarTrak katika miaka ya 1990 vimechapwa kama mstatili wa kijivu, ilhali ni visanduku vyenye unene, viwili kwa kila behewa, kimoja kila upande. Kipande cha plastiki kilichokatwa kwa kisu kitafaa zaidi.

Kwa treni ya kati ya 1966 na 1985, nainunua seti hii tena bila kusita. Wa miaka ya 1950 ataipata nusu ya anachohitaji na kujichorea viraka mwenyewe, na wa leo asubiri toleo jingine, kwani watengenezaji wanauza pia karatasi ya pili peke yake lakini si ya nne.