Njia za mkato za maandishi na sauti kwenye kuchati: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Nafundisha Kiswahili kwa kuchati. Wanafunzi wangu ni watu wazima, kila mmoja na saa zake za kulala na kuamka, kwa hiyo maswali yanaingia usiku na mchana, na mengi ni yale yale. Kwa nini "watu wawili" lakini "vitu viwili"? Hii "ng'" inatamkwaje? Mbona "barabara" ina maana mbili? Kila swali nilikuwa nalijibu upya, kwa kidole gumba, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuulizwa. Ikafika wakati mkono unauma kuanzia kidole hadi kwenye kifundo, na bado kuna watu kumi wanasubiri jibu. Hapo ndipo nilipoamua kupanga njia za mkato: herufi chache zinazojifungua kuwa aya nzima, na sauti niliyorekodi mara moja ambayo naituma kwa mguso mmoja au miwili.

Nilianzia kwenye kibodi, na hata leo ningemshauri yeyote aanzie hapo, maana kibodi inakufuata kila programu unayochatia. Kwenye iPhone unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, kisha kibodi, na humo utakuta orodha ya maandishi ya kubadilishwa. Simu huja na mfano mmoja tayari, "omw" ya Kiingereza, nao unatosha kukuonyesha kazi inavyokwenda: unaandika kifupi, unagusa nafasi, sentensi nzima inakaa mahali pake. Kwenye Android mimi natumia Gboard, kibodi ya Google, ambayo huliita jambo hili kamusi yako binafsi. Tofauti yake ni kwamba haibadilishi yenyewe. Inakuletea sentensi yako kwenye ule mstari wa mapendekezo juu ya herufi, ukiigusa ndipo inaingia. Mwanzoni niliona ni hatua ya ziada isiyo na maana. Sasa naipenda kuliko ile ya kubadilisha papo hapo, kwa sababu inanipa nafasi ya kuona ninachotaka kutuma kabla hakijaingia.

Kuchagua kifupi ndiko kulikonisumbua zaidi. Kwenye iPhone, maelezo yangu ya ngeli ya KI-VI niliyapa kifupi "ki", nikaona nimepatia. Siku iyo hiyo namwandikia mwanafunzi kwamba kiambishi "ki" kina kazi zaidi ya moja, na kila nikifika kwenye "ki" aya nzima ya ngeli inamwagika katikati ya sentensi. Nikafuta, nikaandika tena, ikamwagika tena. Nikajaribu "pia", nikajaribu "sa", yote yakawa hivyo hivyo, maana hayo ni maneno ninayoyaandika kila saa.

Jibu lilikuwa ndani ya lugha yenyewe. Neno la Kiswahili karibu siku zote huishia na irabu. Kwa hiyo kifupi kinachoishia na konsonanti, hasa konsonanti iliyorudiwa, hakiwezi kugongana na neno unaloliandika kwa kawaida. Maelezo ya KI-VI sasa ni "kvv". Ya JI-MA ni "jmm". Maelekezo ya kutuma zoezi ni "zzz" na ya muda wa somo ni "smm". Tangu nilipoanza kufuata kanuni hii sijamwagikiwa na kitu hata mara moja. Anayechati kwa Kiswahili na lugha nyingine kwa zamu aangalie tu kwamba kifupi chake si neno upande wa pili.

Jambo la pili, ambalo sijaona likielezwa popote kwa ajili yetu, ni upatanisho. Maelekezo mengi ya njia za mkato hukwambia utengeneze sentensi yenye pengo, kisha ujaze neno moja. Kwa Kiswahili pengo hilo ni mtego. Nilikuwa na sentensi hii: "... yako imefika, nitaisahihisha leo." Ukijaza "kazi" au "insha", safi kabisa. Ukijaza "zoezi", ilitakiwa iwe "lako limefika, nitalisahihisha". Ukijaza "majibu", ni "yako yamefika, nitayasahihisha". Nomino ikibadilika, inaburuta sentensi nzima nyuma yake. Na mimi ni mwalimu wa ngeli hizo hizo! Nilimtumia mwanafunzi "zoezi yako imefika" naye, kwa adabu zote, akaniuliza kama kuna kanuni ambayo hajafundishwa bado.

Dawa niliyoipata ni kuiandika sentensi isiyohitaji nomino. "Nimepokea, asante. Nitasahihisha leo na kukurudishia kabla ya kesho jioni." Hakuna "yako", hakuna "nitaisahihisha", na mtu anaelewa vizuri kabisa kilichopokelewa ni nini kwa sababu ndicho alichokituma dakika mbili zilizopita. Nilikaa jioni nzima nikipitia sentensi zangu zote, nikitoa mapengo moja baada ya jingine. Pale isipowezekana, nikaweka sentensi kamili mbili au tatu zenye vifupi tofauti. Ni kazi ya mara moja, na inalipa.

Sasa sauti, ambayo ndiyo iliyobadilisha ufundishaji wangu. Chukua "barabara". Ukikaza silabi ya pili kutoka mwisho, baraBAra, ni njia ya magari. Ukirudi nyuma silabi moja, baRAbara, ni sawasawa, vizuri kabisa. Kwa maandishi ni neno lile lile, herufi kwa herufi. "Walakini" nayo ni hivyo hivyo: kwa mkazo mmoja ni kasoro, kwa mwingine ni "lakini". Unaweza kuandika maelezo ya kurasa mbili na mwanafunzi asisikie tofauti. Rekodi ya sekunde kumi na mbili inamaliza kazi. Ndivyo ilivyo pia kwa "gari" na "ghali", na kwa "ngoma" na "ng'ombe".

Nilirekodi sauti tisa za mwanzo usiku mmoja, dirisha limefungwa, simu nimeishika kama kiganja kimoja hivi kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isivume. Nilijifunza kungoja kidogo baada ya kubonyeza kabla ya kusema, la sivyo silabi ya kwanza inaliwa. Kila neno nalitaja mara tatu: polepole, kwa kawaida, kisha ndani ya sentensi. Wala sisemi jina la mtu ndani ya rekodi, wala "habari za asubuhi", kwa kuwa itasikilizwa na watu wengi kwa saa tofauti.

Swali likawa zikae wapi. Kwa muda mrefu nimezihifadhi kwenye Telegram, kwenye ile chati ya ujumbe uliohifadhiwa ambayo ni yako peke yako. Ujumbe wa sauti hauna maandishi ya kutafuta, kwa hiyo chini ya kila sauti niliandika alama ya reli na neno lake, kwa mfano #barabara. Nikiulizwa, natafuta neno, sauti iko juu yake, naisambaza kwa mwanafunzi. Kabla ya kutuma unaweza kuchagua jina la mtumaji lisionekane, na sauti inafika kama umeirekodi sasa hivi. WhatsApp nayo, tangu mwishoni mwa 2022, inakuruhusu kujitumia ujumbe mwenyewe, na chati hiyo inafaa kwa kazi hii hii. Ila jua kwamba kusambaza kwa WhatsApp kuna ukomo wa chati tano kwa mkupuo mmoja, uliowekwa kwa watumiaji wote mwaka 2019 ili kupunguza uvumi. Kwa mwalimu anayejibu mtu mmoja mmoja, tano zinatosha na kubaki.

Wenye WhatsApp Business wana majibu ya haraka yaliyojengwa ndani: unaandika mkwaju, "/", orodha inajitokeza, unachagua. Yanafika 50. Nilidhani ni machache, lakini baada ya mwaka mzima ninayoyatumia kila siku hayazidi ishirini. Telegram ilileta kitu kinachofanana na hicho mwezi Machi 2024, kwa wanaolipia Premium, na hapo ndipo nilipofurahi hasa, maana njia moja ya mkato inaweza kubeba zaidi ya maandishi: picha, stika, mafaili. Maelezo ya "barabara" na faili lake la sauti yamekaa pamoja. Naandika mkwaju na neno, vyote viwili vinakwenda kwa mpangilio. Angalizo dogo: sauti ikiwa katika muundo wa MP3 huonekana kama wimbo, na kichwa chake juu. Ujumbe wa sauti wa kawaida wa Telegram hutumia muundo mwingine, OGG yenye kodeki (mbinu ya kubana sauti) ya Opus. Mwanafunzi hapotezi chochote, ila lipe faili jina linaloeleweka kabla ya kulipakia, maana jina hilo atalisoma.

Kwenye kompyuta natumia Espanso, programu huria ya bure inayofanya kazi Windows, macOS na Linux. Vifupi vyote vimo kwenye faili moja la maandishi, na ukiweka alama ya $|$ ndani ya sentensi, kishale kinasimama pale pale ulipotaka kuongeza neno. Inasoma hata katikati ya neno, kwa hiyo "ngg" yangu inageuka "ng'" na naendelea na "ombe" bila kuhangaika na kitufe cha ritifaa ('). Mfululizo huo wa herufi haupo kwenye neno lolote la Kiswahili. Angalia nafasi za mwanzo wa mistari kwenye faili hilo, usitumie kitufe cha Tab. Zaidi ya hapo haina ugumu.

Kuna jambo moja naliandika kwa uzito. Nilikuwa na njia ya mkato ya "Hongera sana, umefanya vizuri mno, tuendelee hivyo hivyo!" na nyingine ya pole. Zilipangana kwenye orodha, moja juu ya nyingine. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima kunizidi, aliniandikia asubuhi kwamba hatahudhuria somo, amefiwa na mama yake. Nilikuwa najibu watu kwa haraka. Kidole kikagusa ya juu. Nilifuta ndani ya sekunde chache, lakini alama mbili za buluu zilikuwa zimeshatokea. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamwomba radhi, naye akanipokea kwa upole ambao sikuustahili. Siku hiyo nilizifuta zote mbili. Hongera naiandika kwa mkono, pole naiandika kwa mkono, na salamu vilevile, kwa sababu kuna wa kumwambia "shikamoo" na kuna wa kumwambia "mambo", na kibodi haiwajui. Njia za mkato nimeziachia ngeli, mikazo, ratiba na maelekezo, vitu ambavyo havibadiliki kwa sababu ya nani anayeuliza.

Kuhusu kutunza: faili la Espanso nalinakili kwenye diski ya pembeni kila mwezi. Vifupi vya iPhone husafiri vyenyewe kwa iCloud kwenda kwenye vifaa vyako vingine vya Apple. Sauti nina nakala zake nje ya programu zote. Huko nyuma niliwahi kutumia programu nyingine ya kuchati, nikapoteza kila kitu siku nilipobadilisha simu, na sitaki kurudia kazi ile.

Hata hivyo, kuzirudia nilizirudia, kwa sababu nyingine. Usiku ule nilipozirekodi zile tisa nilikuwa na mafua. Sikuyajali, sauti ilisikika na maneno yalikuwa sahihi. Miezi miwili baadaye mwanafunzi mmoja alinitumia ujumbe: "Mwalimu, pole, naona mafua hayajaisha tu. Umeshaenda hospitali?" Alikuwa akizisikiliza kila wiki, na kila wiki alikuwa akinihurumia. Nilimshukuru, nikamweleza, nikafunga dirisha, na kabla ya saa sita mchana zote tisa zilikuwa na sauti mpya.