Uma, dawa au nailoni? Kipi ununue Tanga bustani ya maua ikivamiwa na ndago na wedelia

Ukiingia duka la pembejeo Ngamiani ukasema bustani yako ya maua imevamiwa na magugu kama ndago na wedelia (ule mmea unaotambaa wenye maua ya njano), mkono wa muuzaji mara nyingi unakwenda moja kwa moja kwenye chupa ya glaifoseti, dawa ya kuua magugu. "Hii inamaliza kila kitu, mama." Ni kweli, inamaliza kila kitu, na waridi lako limo humo humo. Hapa tunapima vitu vitatu vinavyouzwa kwa kazi hiyo: uma wa bustani wa meno manne, dawa ya glaifoseti na nailoni ya kufunika kitalu. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua uma.

Sababu iko chini ya udongo. Ndago ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi kama shanga, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Kiazi kilichokwisha kuchipua huwazuia wenzake kwenye mnyororo wasichipue. Jembe likipita na kukata nyuzi, kila kiazi kinajitegemea na kutoa jani lake. Ndiyo maana kitalu kilicholimwa vizuri kwa jembe huweza kuwa na ndago nyingi zaidi baada ya wiki chache. Sangari nayo, nyasi inayotambaa chini ya udongo, kila kipande cha shina la chini chenye kifundo ni mche mpya. Uma haukati, unainua.

Madukani utakuta uma wa aina mbili. Wa bei ya chini una meno bapa yaliyokatwa kwenye bati nene na kuchomelewa kwenye upau. Huo ni wa kuhamishia samadi, si wa kuchimbia. Maeneo kama Raskazone, ambako jiwe la matumbawe haliko mbali, jino linapinda na halinyooki tena. Wa pili umefuliwa kwa chuma kimoja, meno yana umbo la mraba yanayochongoka kuelekea ncha, na shingo ndefu inayoumeza mpini. Omba ruhusa uujaribu: weka ncha ya jino moja sakafuni, egemea mpini kwa uzito wako. Jino likirudi lilivyokuwa, lipia. Likibaki limepinda, rudisha rafuni. Angalia pia mpini: mistari ya mbao iende kwa urefu, isikatize, na shingo iwe na ribiti mbili, si msumari.

Usipoupata, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa nondo ya milimita 12: meno manne ya sentimita 28, nafasi ya sentimita 5 kati ya jino na jino. Unapovunjika ni palepale jino linapoungana na upau, kwa hiyo mwambie achomelee pande zote mbili na aweke kipande cha pembetatu cha kuimarisha shingo. Nondo ni laini kuliko chuma kilichofuliwa, lakini kwa mchanga wa pwani inatosha.

Namna ya kuutumia ndiyo inayoamua matokeo. Mwagilia jioni, chimba asubuhi. Simamisha meno wima sentimita 20 kutoka kwenye shina la gugu, kanyaga mpaka yazame yote, kisha vuta mpini nyuma udongo upasuke na kupanda. Usiupindue. Shika majani, tikisa, fuata uzi kwa vidole hadi kiazi cha mwisho. Penye mchanga, pitisha udongo kwenye chekeche la mafundi ujenzi. Tundu za milimita 6 zinapitisha mchanga na kubakiza viazi vingi. Kisha rudi kila baada ya wiki mbili kung'oa vilivyochipua upya. Ukikawia zaidi ya wiki tatu au nne, chipukizi huanza kutengeneza viazi vipya, na hapo umerudi ulikotoka.

Magugu yaliyong'olewa yaanikwe juu ya bati au sakafu ya saruji, jua la Januari na Februari liyakaushe kabisa. Yasitupwe kwenye shimo la mboji, wala ng'ambo ya ua kwa jirani (tabia hiyo nayo hueneza wedelia).

Tuje kwenye dawa. Glaifoseti huingia kupitia majani mabichi na kushuka na utomvu hadi mizizini. Ikigusa udongo hunaswa na kuishiwa nguvu. Kwa hiyo maji ya tope hayafai kuchanganyia. Maji ya kisima yenye chokaa nayo huidhoofisha, na visima vya pwani vingi viko hivyo. Tiba ni mbolea ya SA (salfeti ya amonia): gramu 150 kwenye lita 15 za maji, ikoroge mpaka iyeyuke, ichuje kwa kitambaa isije ikaziba nozeli, ndipo uweke dawa. Kwa chupa iliyoandikwa gramu 480 kwa lita, mililita 150 hadi 300 kwa bomba la lita 15 ndicho kiwango cha kawaida cha magugu ya kudumu, lakini kibandiko cha chupa yako ndicho cha kufuata. Kuzidisha hakusaidii: jani likiungua haraka, dawa haishuki. Usichanganye kwenye ndoo ya bati. Usipulizie mvua ikitarajiwa ndani ya saa sita. Na usilime wala kung'oa kabla ya wiki mbili. Wengi hapa hukosa subira, wanaona majani bado kijani siku ya tano wanachukua jembe.

Kwa ndago inaua viazi vilivyounganika na majani hai, vilivyolala inaviacha. Utarudia. Kwa kongwa, lile lenye ua la buluu, usitegemee kitu, kwa kuwa huistahimili sana dawa hii.

Ndani ya kitalu cha maua kazi zake nzuri ni mbili. Ya kwanza ni lantana: kata shina sentimita 10 kutoka ardhini, paka dawa kwenye kidonda kwa brashi ndani ya dakika chache, kabla hakijakauka. Ya pili ni kupangusa wedelia iliyojipenyeza kati ya maua. Vaa glavu ya mpira, juu yake glavu ya pamba, chovya kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, kamua, pangusa majani ya gugu tu. Ukilazimika kupulizia, kata kitako cha chupa ya maji ya lita moja na nusu na uifunge kwenye nozeli iwe ngao. Waridi huumia hata kwa matone kwenye gome bichi.

Hakikisha kibandiko kina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na kizibo hakijafunguliwa. Usikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Mwaka 2015 IARC, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, iliiweka glaifoseti kwenye kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo glavu na mikono mirefu si mapambo.

Nailoni nyeusi kwa ndago ni fedha iliyopotea. Gizani jani hubaki limejikunja kama sindano na linaitoboa. Nailoni nyembamba inayopitisha mwanga hufanya kazi vizuri zaidi: jani likiona mwanga hukunjuka chini yake, likashindwa kutoboa, likaungua. Lowesha udongo, tandaza, zika kingo zote, acha wiki nne hadi sita za kiangazi. Kitalu lazima kiwe kitupu. Nyeusi ibakize kwa wedelia, ambayo haina ncha ya kutobolea.

Na wedelia yenyewe mara nyingi imenunuliwa. Vitalu vya kando ya barabara huiuza kama zulia la maua ya njano linalokua haraka, na kukua haraka ndiyo hatari yake: kila kifundo kinachogusa udongo hutoa mizizi. Mkoa wa Tanga una mfano mkubwa zaidi Amani, ambako bustani ya majaribio ya Wajerumani ilianza mwaka 1902 na mimea ya kigeni kama Clidemia hirta ikavuka uzio hadi msitu wa Usambara Mashariki. Ukinunua mche wowote, hata wa haibiskasi, toa mfuko wa nailoni palepale kwa muuzaji na uchungulie mizizi. Ukiona uzi mweusi wenye kifundo kigumu, hiyo ni ndago. Mrudishie.