Mtindi wa mbuzi kwa mbwa: eti "mbwa hajui tofauti"

Nimeshakunywa chai, nimezunguka nyumba mara mbili, hasira bado iko palepale. Basi acha niseme.

Mbwa wangu ni koko wa hapahapa Igoma. Kuna kipindi alikuwa anaharisha hovyo, tumbo linanguruma usiku mpaka unalisikia dirishani. Alikuwa anakula ugali na mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, kama mbwa wengine wa Mwanza. Jirani akaniambia jaribu mtindi wa mbuzi usiochemshwa, vijiko viwili vitatu juu ya ugali. Kuna kijana anafuga huko Kisesa, analeta kwa pikipiki kila Jumamosi.

Siwezi kudanganya, mwanzoni niliutangaza mtaa mzima kama mhubiri wa stendi. Mtindi mzito, unanukia beberu kwa mbali, ukali wake unakaza taya. Mbwa alikuwa analamba sahani mpaka inahama, unakwenda kuikuta chini ya mwembe. Kuharisha kukakoma. Sasa, huenda ni kwa vile nilipunguza mapanki, sijui. Ila maziwa yakiganda bakteria huwa wameshakula sehemu ya ile sukari yake inayowasumbua mbwa waliokomaa tumboni, kwa hiyo mtindi siunyimi sifa zake.

Halafu Jumamosi moja ikaja chupa ya ajabu. Ukiitikisa, inapiga mawimbi. Najua mtindi hujitenga, ukitikisa unarudi; huu niliutikisa mpaka mkono ukaniuma. Harufu ya mbuzi hakuna. Mbwa akanusa, akaniangalia, akaenda zake kulala.

Nikapiga simu, kwa adabu kabisa. Kijana akanijibu: "Mama, si ni mbwa huyo? Mbwa hajui tofauti."

Hajui tofauti! Kwani aliyekataa sahani ni mimi? Mbwa anayemjua mwizi na mgeni usiku wa giza, umeme umekatika, ashindwe kujua maji? Na hela yangu alipokuwa akiipokea mbona hakusema hiyo ni bei ya mbwa? Angesema tu, "Samahani mama, mbuzi wamepunguza maziwa," ningemwelewa. Ningenunua hata hayo maji yake.

Nikaenda kumlalamikia daktari wa mifugo nikijua atakuwa upande wangu. Akanigeuzia kibao. Akasema maziwa mabichi ya mbuzi yanaweza kuwa na brusela, ugonjwa unaotupisha mimba mifugo, na binadamu huupata pia: homa zisizoisha, viungo kuuma. Kugandisha peke yake si kinga ya kuaminika. Chemsha kwanza, poza, ndipo utie mtindi wa jana ugandishe. Sikumwambia kwamba kile kijiko cha mbwa na mimi nilikuwa nakilamba.

Kwa hiyo huenda yale maji yalikuwa na nafuu kuliko ule mtindi niliousifia mtaa mzima. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote, maana kijana akilisikia atacheka.

Siku hizi nachemsha na kugandisha mwenyewe. Mbwa anakula, anamaliza, lakini sahani haihami. Jumamosi pikipiki ikipita anakimbilia getini, na mimi, aibu yangu, nachungulia. Chupa zangu mbili za kioo bado anazo.