Daftari la malengo kwa kikundi cha dagaa: tathmini baada ya miezi 11

Nilinunua daftari hili Desemba iliyopita kwa shilingi 18,000, katika duka moja la vifaa vya ofisi katikati ya jiji la Mwanza, si mbali na Makoroboi. Sikulinunua kwa matumizi yangu binafsi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 14 tunaonunua dagaa wabichi mwaloni Igombe, mitumbwi inaposhushia samaki, tukawaanika na kuwapeleka soko la Kirumba Mwaloni, na kikundi chetu kilikuwa na tabia iliyodumu miaka mitatu mfululizo: kila Januari tunakubaliana kujenga vichanja vya nguzo na nyavu vya kuanikia juu ya ardhi, kila Desemba tunagawana fedha na bado tunaanika mchangani. Anayeijua biashara hii anajua hasara yake. Dagaa wa mchangani huchelewa kukauka, hubeba mchanga hadi sokoni, na wengi wao huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya chakula cha kuku, ilhali wale wa kichanja hununuliwa kwa ajili ya sahani ya mtu.

Kwa umbo daftari linapendeza. Lina jalada gumu la ngozi bandia, utepe wa kuwekea alama na karatasi nzito isiyopenyeza wino upande wa pili.

Kurasa za mwanzo, zipatazo 20, zinahusu ndoto, dira na maadili ya mwenye daftari, nazo nilizijaza nusu kisha nikaziacha. Mifano yake yote ni ya mtu wa ofisini anayetaka kuamka alfajiri akimbie, jambo ambalo kwa mwanamke anayesubiri mitumbwi mwaloni tangu saa kumi na moja alfajiri halihitaji kuwekewa lengo. Katika kurasa hizo kilichotufaa ni ukurasa mmoja tu, wenye vigezo vitano ambavyo Mmarekani George Doran alivieleza mwaka 1981 kwa mameneja wa kampuni: lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mhusika, liwezekane na liwe na muda. Sentensi yetu ya zamani, “kuboresha uanikaji,” haikufaulu hata kigezo kimoja. Baada ya mabishano ya karibu saa nzima tukaandika: “Vichanja sita, kila kimoja cha mita 10, viwe vimesimama kabla mvua za masika hazijaanza mwezi wa tatu.” Mtunza hazina alisema papo hapo kwamba sita ni vingi. Nieleze mapema kwamba alikuwa sahihi.

Ukurasa ninaousifu bila kusita ni ule wenye safu mbili, “ikiwa” na “basi.” Msingi wake ni kazi ya mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ambaye mwaka 1999 aliandika kwa kirefu kwamba mtu aliyekwisha kuamua atafanya nini, wakati gani na mahali gani hutekeleza zaidi kuliko aliyebaki na nia njema peke yake. Kwetu jambo hili lilionekana kwa macho. Tatizo letu halikuwa uvivu, lilikuwa fedha ya kichanja kukaa mkononi mwa mtu siku mbili tatu, na fedha inayokaa mkononi hupata mgonjwa, mgeni au ada ya shule. Tukaandika: “Ikiwa mnunuzi amelipa gunia, basi shilingi 2,000 za kila gunia zinakwenda kwa mtunza hazina kabla mwenye gunia hajaondoka kwenye mzani.” Hatukuandika mwisho wa siku wala mwisho wa wiki, tuliandika mzani, kwa sababu hapo ndipo noti bado haijakunjwa. Mstari huo mmoja ulijenga vichanja vitatu.

Upande wa pili wa ukurasa huohuo kuna jedwali la kazi ya juma, lenye nafasi ya mhusika, tarehe na mtu atakayemuuliza. Nafasi hii ya muulizaji niliiona kuwa ya ziada mwanzoni. Hata hivyo, mwenzetu mmoja alipopewa kazi ya kutafuta nguzo, na jina la jirani yake likaandikwa kuwa ndiye atakayemuuliza Jumatano, nguzo zilifika Jumanne usiku. Aliniambia kwamba kuulizwa na mwenyekiti amekwisha kuzoea, ila kuulizwa na mtu anayechota naye maji ni jambo jingine.

Sasa nieleze kasoro kubwa, ambayo mchapaji wa daftari hakuifikiria na ambayo kwa watu wa ziwani si ndogo. Daftari limepangwa kwa majuma 52, kila juma na ukurasa wake, kana kwamba kila juma lina kipato. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika anga, mitumbwi mingi hupandishwa ufukweni, nyavu hushonwa, na mwaloni panakuwa kimya kwa takriban juma moja au zaidi kidogo. Katika juma la aina hiyo ukurasa ulituuliza, kwa maandishi ya rangi ya kijani, tumesogea kiasi gani kuelekea lengo. Mama mmoja mzee katika kikundi alinigeukia akasema, “Dada Katibu, niandike kwamba nimelala, au niandike kwamba mwezi umewaka?” Tulicheka, lakini kurasa tupu za mbalamwezi mbili za kwanza zilitukatisha tamaa kwelikweli, na watu wawili waliacha kuja mkutanoni wakiamini kwamba tumekwisha kushindwa kama miaka mingine.

Kuruka ukurasa mmoja kila mwezi hakukusaidia. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu, kwa hiyo giza haliangukii tarehe zilezile: kila mwezi wa kalenda husogea nyuma kidogo, na mwaka unapoisha limehama kwa siku 11 hivi. Kuanzia Aprili tuliacha kufuata majuma ya mchapaji, tukahesabu kwa giza. Giza ni la kukusanya fedha, mbalamwezi ni ya kujenga, maana ndipo vijana wa mitumbwi wanapopatikana kwa kuchimba mashimo na ndipo nyavu chakavu za kutandika juu ya kichanja zinapouzwa.

Kuhusu uimara, gundi ya mgongo wa daftari iliachia mwezi wa tano, pengine kwa unyevu wa ziwa, na kurasa zikaanza kutoka mojamoja. Nililirudisha dukani nikaambiwa kwamba bidhaa iliyokwisha kuandikwa haibadilishwi. Jibu hilo ninalielewa, ingawa sijui ni nani hununua daftari asiliandike. Kijana mmoja wa mwaloni alilishona kwa uzi wa nyavu, na mshono wake umeshika hadi leo.

Vichanja vinne vilisimama kabla ya masika, cha tano kikasimama Juni, cha sita hakipo. Kwa mwenye mshahara wa tarehe maalumu ninalipendekeza daftari hili, mradi aruke kurasa za mwanzo bila kujilaumu. Kwa anayeishi kwa giza na mbalamwezi, bei yake ni kubwa kwa sehemu anayoweza kuitumia. Kwa ajili ya mwaka ujao tumenunua kaunta buku ya kawaida, tukachora kwa kalamu nyekundu kurasa 12 za giza na ya 13 ya akiba kwa kuwa ipo miaka inayoihitaji, na ukurasa wa “ikiwa” na “basi” tumeunakili kama ulivyo.