Uzoefu wangu: Windows 98 na DOS kwenye faiba ya nyumbani, Nairobi

Nimeijaribu faiba ya kawaida ya nyumbani kwa mashine mbili: Pentium II yenye Windows 98 SE, na 486 ya DOS, mfumo wa amri za maandishi uliotangulia Windows. Zote mbili zinaingia mtandaoni, na faiba yenyewe haina neno. Anayetaka kufanya hivi asikimbilie kulipia kifurushi kikubwa. Cha 10 Mbps kinatosha na kusaza, kwa sababu kinachokwamisha kiko ndani ya kompyuta.

Kwa Pentium, tafuta kadi ya mtandao ya PCI yenye chipu ya Realtek RTL8139. Ulizia kwa mafundi wa Luthuli Avenue wanaovunja kompyuta kuukuu. Kabla ya kuichomeka, nakili folda ya WIN98 kutoka kwenye CD hadi diski ya C, maana Windows itaidai CD hiyo tena na tena wakati wa kuweka draiva. Draiva nayo ichome kwenye CD: Windows 98 haisomi flashi bila draiva nyingine, na utabaki kuzunguka palepale. Ukimaliza, fungua Run na uandike winipcfg, programu inayoonyesha anwani ambayo ruta imeipa kompyuta. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ruta haijajibu. Kagua kebo kwanza, halafu mlango wa ruta. Kama kadi yako ni ya 10 Mbps, jua kwamba baadhi ya milango mipya ya 2.5 Gbps haiteremki hadi kasi hiyo. Weka katikati swichi ndogo ya 100 Mbps na taa itawaka.

Sasa kasi, jambo linalowachanganya wengi. Windows 98 huruhusu baiti 8,760 tu ziwe njiani, kisha seva husimama hadi ipate uthibitisho kwamba zimefika. Kwenda na kurudi kati ya Nairobi na seva iliyo Ulaya huchukua kama milisekunde 150. Gawanya 8,760 kwa 0.15: unapata kama kilobaiti 58 kwa sekunde, hata ukilipia 100 Mbps. Seva iliyo hapa hapa mjini, kwa milisekunde 5, haina kizuizi hicho. Ndiyo maana faili moja linashuka mbio na jingine linajikokota. Dawa iko kwenye regedit, programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows: nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\System\CurrentControlSet\Services\VxD\MSTCP, ongeza DefaultRcvWindow ikiwa thamani ya maandishi, uiandikie 64240, kisha uzime kompyuta na kuiwasha. Hesabu ileile sasa inatoa kama kilobaiti 428. Hakuna kifurushi kitakachokupa nafuu hiyo.

Hata hivyo, tovuti nyingi bado hazitafunguka. Kivinjari cha Internet Explorer 6 kinaishia TLS 1.0, itifaki ya usimbaji fiche wa tovuti za https iliyostaafishwa rasmi mwaka 2021 pamoja na TLS 1.1, na seva za leo zinaikataa. Suluhisho ninalolipenda kuliko yote ni WebOne, programu ya proksi (mpatanishi kati ya kivinjari na tovuti), kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Pi inazungumza usimbaji fiche wa kisasa na dunia, halafu inaipa Windows 98 ukurasa wa HTTP wa kawaida, na inaweza kubadilisha picha za WebP, aina mpya, ziwe JPEG. Tumia Pi 3 au mpya zaidi. Pi Zero ya kwanza haifai kwa sababu .NET, jukwaa ambalo WebOne inalitegemea, haiendeshwi kwenye prosesa yake ya ARMv6. Kwenye kivinjari, ingia sehemu ya LAN Settings, andika anwani ya Pi na namba ya mlango (port) 8080, kisha fungua tovuti kwa http:// badala ya https://. Kurasa zilizojaa JavaScript bado zitaharibika. Kwa kusoma, jaribu FrogFind, inayochuja ukurasa ubaki maandishi.

Kati ya Pi na kompyuta, kila kitu kinapita wazi. Usiingie benki, eCitizen wala barua pepe muhimu kupitia njia hii. Windows 98 haijapata marekebisho ya usalama tangu Julai 2006, kwa hiyo iweke nyuma ya ruta daima na usiifungulie mlango wowote kutoka nje.

Kama ruta iko sebuleni na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, usiishushe waifai yako hadi WEP, ulinzi wa zamani ulio dhaifu, kwa ajili ya kadi ya waifai ya zamani. Utakuwa umewafungulia majirani wote. Ruta ndogo kama TP-Link TL-WR802N, ikiwekwa kama mteja wa waifai (client), huunganishwa na waifai yenye ulinzi bora wa WPA2, kisha huipa kompyuta mtandao kwa kebo.

Kwa 486, nilitumia kadi ya mtandao ya 3Com 3C509 ya ISA, aina ya zamani ya nafasi ya kadi. Kwa programu yake ya mipangilio, zima Plug and Play (kujipanga yenyewe), weka IRQ 10 (namba ambayo kadi huitumia kuiita prosesa) na anwani 300h, vinginevyo inaweza kugombana na kadi nyingine. Pakia draiva yake, 3C5X9PD, kwenye 0x60, andika PACKETINT 0x60 kwenye faili la mipangilio la mTCP (mkusanyiko wa programu za mtandao za DOS), elekeza kigezo cha DOS cha MTCPCFG kwenye faili hilo, kisha endesha programu ya DHCP ili ipate anwani kutoka kwa ruta. FTP ya mTCP ni nzuri mno kwa kuhamisha mafaili kutoka kwenye Pi.

Mashine iliyotoka Marekani, angalia swichi nyekundu nyuma ya pawasaplai kabla ya kuichomeka. Ikiwa kwenye 115, stima yetu ya 240 itaiunguza papo hapo.