Lost sizoni ya 6: nimeirudia yote na bado roho inaniuma

Kama hujaiangalia Lost, ile tamthilia ya Marekani ya watu walioanguka na ndege kisiwani, na una mpango nayo ishia hapa hapa, maana nataja mwisho wote, siwezi kueleza kinachoniuma bila kuutaja.

Mara ya kwanza niliiangalia kwa DVD za kukodi, zile unarudisha moja ndo unapewa nyingine, mimi na dada yangu, tulikuwa tunaenda kulala bado tunabishana kuhusu zile namba zinazojirudia kwenye hadithi, 4, 8, 15, 16, 23 na 42. Mwezi uliopita nikaamua kuirudia yote tangu ndege ya Oceanic 815 inapotoka Sydney kwenda Los Angeles ikakatika vipande juu ya kisiwa na Jack, yule daktari ambaye ndo mhusika mkuu, anafumbua jicho kwenye mianzi. Nilijiambia labda enzi zile nilikuwa mdogo sikuelewa. Juzi usiku nimemaliza, safari hii nimeelewa, na nimeumia kuliko mwanzo.

Kumbuka sizoni ya 5 ilivyoishia. Baadhi yao wamerudishwa nyuma hadi mwaka 1977, yule mwanafizikia Faraday kashawaambia kwamba wakilipua bomu la haidrojeni pale watu wa Dharma, kundi la watafiti pale kisiwani, wanapochimba basi ile nguvu ya sumaku iliyo chini ya ardhi itakufa, kile kituo cha chini hakitajengwa, hakutakuwa na kitufe cha kubonyeza kila dakika 108, Desmond, aliyekuwa akikibonyeza, hatachelewa kukibonyeza, na ndege haitaanguka. Hesabu imekaa sawa kabisa (jumlisha zile namba sita uone unapata ngapi). Juliet, yule daktari wa uzazi, yuko shimoni anaumwa anaponda bomu kwa jiwe, skrini inakuwa nyeupe, basi. Halafu sizoni ya 6 inafunguka Jack kakaa kwenye ndege na ndege inatua Los Angeles salama. We ungeelewaje hapo? Si bomu limefanya kazi?

Kwa hiyo unaangalia pande mbili, huku wako kisiwani, huku abiria wenzake Jack, Locke yuko kwenye kiti cha magurudumu anatafuta kazi, Sawyer ni polisi, Jack ana mtoto wa kiume, na wewe uko bize unaunganisha, unasema hii dunia ya pili imetokana na bomu na mwishoni zitakutana. Mimi nilikuwa narudisha nyuma kabisa kuangalia vizuri. Halafu episodi ya mwisho baba yake Jack anamwambia kanisani kwamba wote mmeshakufa, wengine kabla yako, wengine muda mrefu baada yako, hapa ni mahali mlipopatengeneza wenyewe ili mkutane. Basi bomu halikubadilisha kitu. Ile dunia haikuwahi kuwepo, yule mtoto wa Jack hakuwahi kuzaliwa. Karibu nusu ya sizoni imeenda kwenye jambo ambalo halina uhusiano wowote na yaliyokuwa yanatokea kisiwani, na walijua tunavyoelewa wakatuacha tuendelee kuelewa hivyo.

Ila nisieleweke vibaya, wale wanaosema eti walikufa siku ya ajali wamekosea. Baba yake Jack mwenyewe kasema yaliyotokea yalikuwa ya kweli. Kilichochanganya watu ni zile picha za mabaki ya ndege ufukweni wakati majina yanapita mwishoni, ambazo ziliwekwa na kituo cha televisheni cha ABC, hazikuwa sehemu ya hadithi.

Sasa Sun na Jin jamani, wale mke na mume Wakorea. Wametafutana miaka mitatu, sisi tunasubiri tu, wanakutana, na episodi inayofuata tu Sun amebanwa na vyuma ndani ya nyambizi maji yanajaa na Jin anakataa kumwacha wanakufa wamekumbatiana. Dada yangu alilia sana. Mimi sasa hivi ni mama na nilichokuwa nasubiri ni mtu mmoja tu aseme Ji Yeon! Wana mtoto Seoul, Jin hajawahi kumshika, kamwona kwenye picha za kamera tu, na katika dakika zile zote hakuna aliyetaja hata jina lake. Mama gani huyo anakufa bila kumtaja mwanae, au baba gani hata hajiulizi mtoto atabaki na nani? Nilisimamisha nikatoka nje kidogo.

Na Walt? Sizoni nzima ya kwanza tunaambiwa huyu mtoto ana kitu, wakamteka baharini usiku, baba yake Michael akaua watu ili ampate, na kanisani hayupo si baba wala mtoto. Kumbe kuna kipande cha dakika 12 hivi kilichowekwa kwenye DVD, Ben na Hurley, wahusika wengine wa kisiwani, wanamfuata Walt. Kwenye zile diski zetu za kukodi hakikuwepo, nimekipata sasa hivi tu. Kitu kama hicho kilitakiwa kiwe ndani ya hadithi. Wajawazito waliokuwa wanafia kisiwani ndo hata sijui niseme nini, Juliet aliletwa kwa ajili hiyo na jibu halikuja.

Mwisho wa yote moyo wa kisiwa unakuwa pango lenye mwanga na kizibo cha jiwe. Desmond anakitoa, Jack anakirudisha. Kile kitufe na kompyuta yake ya zamani kilinitisha mara kumi zaidi, maana pale kulikuwa na sababu unayoweza kuifuata.

Dakika za mwisho siwezi kuzisema vibaya. Jack amerudi kwenye mianzi ile ile na jeraha ubavuni, mbwa Vincent anakuja kulala pembeni yake, ndege inapita juu na wenzake ndani, jicho linafumba. Ule muziki wa Giacchino, mtunzi wa muziki wa tamthilia hii, ukianza tu machozi yananitoka, mara zote mbili.

Sizoni ya 1 mpaka ya 5 angalia hata leo, naipa 9 kati ya 10 kwa moyo wote. Hii ya 6 naipa 4, na zote 4 ni za Jack na yule mbwa. Mwanangu akikua nitaangalia naye, ila tutaishia pale Juliet anapoponda bomu.